Mume Wangu, Mamba Paka na Mazimwi ya Mzee Ray

Siku mbili baada ya Krismasi, saa nne asubuhi, nilikuwa nimepiga magoti ndani ya ghala la mpunga la wakwe zangu kule Muze, jasho linanitiririka mgongoni, mkononi nimeshika taa ya sola. Mbele yangu, juu ya meza, alisimama mamba wa udongo mrefu kama kiganja. Mume wangu alimsogeza mguu wa mbele kidogo, kidogo kweli, kama mshale wa saa unavyosogea. Akatoa mkono. Akabonyeza simu. Ka! Picha moja. Akamsogeza tena.

"Usitikise taa, mama," akaniambia bila hata kunitazama.

Mpenzi msomaji, naomba ujue kwamba wiki moja kabla ya hapo mimi na huyu bwana tulikuwa hatusemeshani.

Mume wangu ni mhasibu. Mchana anahesabu hela za watu, usiku anajifungia chumba cha wageni na vikaragosi vyake. Wengine waume zao wako baa, wengine wako nyumba ndogo, wa kwangu yuko na udongo. Mashoga zangu waliniambia nishukuru Mungu. Nikashukuru. Lakini fikiria mtu anakesha wiki mbili nzima, macho mekundu, halafu anakuita kwa furaha uone matokeo: bibi kizee wa udongo anaokota kuni, sekunde tisa. Tisa! Nikavumilia. Mwezi wa kumi na moja nikagundua kwamba hela tuliyoitenga kwa mifuko kumi ya saruji imegeuka taa mbili na stendi ya miguu mitatu ya kusimamishia simu. Msingi wa nyumba yetu Chanika umeota majani mpaka mbuzi wa jirani wanaujua kwa jina. Hapo ndipo kilipowaka.

Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa. Yeye hakujibu. Alisema tu, "Siku moja ungekaa uone kazi yenyewe." Mtu akikujibu hivyo unapandwa na hasira zaidi, au ni mimi peke yangu?

Basi tukasafiri hivyo hivyo, tumenuniana, mpaka Sumbawanga. Kwa asiyefika huko: Sumbawanga ni baridi, unatembea na sweta mchana. Halafu unachukua gari la Muze, unapita Ntendo, unaanza kushuka ukuta wa Lyamba lya Mfipa kuelekea bonde la Ziwa Rukwa, na kila kona unavua nguo moja. Ukifika chini ni joto, miembe, mashamba ya mpunga, ng'ombe wa Wasukuma. (Na kabla hujaniuliza: hapana, sikuona radi ya kuagizwa. Watu wa Dar na Sumbawanga yao!)

Jicho moja, miguu ya mbuzi

Usiku wa kwanza mume wangu alichomeka flashi kwenye TV ya baba yake, ile inayotumia sola. Sebule ilijaa: wakwe zangu wawili, watoto sita wa kaka yake, majirani waliosimama mlangoni. Filamu ilikuwa *The 7th Voyage of Sinbad*, ya mwaka 1958. Moyoni nikasema, leo tutaumbuka. Watoto wa siku hizi, hata wa Muze, wameshaona kwenye simu katuni za kompyuta ambazo unahesabu nywele za simba moja moja. Waje wakae na kikaragosi cha miaka ya hamsini?

Walicheka kweli. Walicheka suruali ya Sinbad, walicheka Kiingereza cha mchawi. Halafu jitu likatoka pangoni.

Ni chongo, lina jicho moja katikati ya paji la uso, pembe moja kichwani, na miguu ya mbuzi. Linatembea kwa kushtuka-shtuka, sivyo mnyama anavyotembea na wala sivyo mashine inavyotembea. Sebule ikanyamaza. Kale kadogo ka miaka sita kakahama kutoka kwenye mkeka hadi mapajani kwa bibi yake. Jitu likamkamata baharia, likamfunga kwenye mti wa kuchomea nyama juu ya moto, likakaa pembeni kumgeuza huku linajilamba.

"Hilo ni jini la pwani," mama mkwe akatoa hukumu. "Huku hatuna wa miguu ya mbuzi."

Lakini kilichonishangaza ni baadaye, Sinbad alipolichoma jitu jicho kwa mwenge. Linapapasa hewani, linayumba, linaanguka kwenye korongo. Nilitegemea makofi. Badala yake binti wa darasa la tano akasema kwa sauti ndogo, "Masikini." Na mimi, mtu mzima na digrii yangu ya mawasiliano, kooni kulikuwa kumenikaba. Kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya mpira uliovishwa chuma, wenye kimo cha chupa ya soda!

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa ananiangalia mimi, haangalii filamu.

Fundi mmoja na fremu kumi na tatu

Aliyetengeneza jitu lile ni Mmarekani aliyeitwa Ray Harryhausen, mzaliwa wa Los Angeles mwaka 1920. Mwaka 1933, akiwa na miaka 13, alipelekwa sinema kuona *King Kong*, yule sokwe mkubwa aliyehuishwa na fundi Willis O'Brien, na akatoka pale akili imehama. Akaanza kutengeneza wanyama wake mwenyewe nyumbani kwao. Dubu wake wa kwanza alimvika manyoya ya koti kuukuu la mama yake. Baba yake, Fred, alikuwa fundi mitambo, na badala ya kumwambia kijana aache upuuzi atafute kazi, alikaa akamchongea viunzi vya chuma: mifupa midogo yenye maungio yanayozunguka kama bega la mtu, ili kikaragosi kikisogezwa kibaki pale kilipoachwa. Mzee Fred aliendelea kumchongea mwanawe viunzi mpaka alipofariki mwaka 1973. Mtoto alishakuwa na miaka zaidi ya hamsini, na bado mifupa ya mazimwi yake inatoka kwa baba.

Kazi yenyewe iko hivi. Filamu ya sinema inapita picha 24 kwa sekunde moja. Unachukua kiunzi, unakivika mpira laini, unakipaka rangi. Unakisimamisha mbele ya kamera, unapiga picha moja. Unakisogeza kidole, shingo, mkia, kila kitu kwa kipimo cha punje ya mchele. Picha nyingine. Ukishafanya hivyo mara 24 una sekunde moja, na kama katikati umesahau mkia ulikuwa unaelekea wapi, unarudi mwanzo.

Sasa jitu likutane vipi na Sinbad ambaye ni mtu wa kweli? Kwanza waliwapiga picha waigizaji peke yao, wanapigana na hewa, wanakimbia kitu kisichokuwepo. Halafu fundi akarusha picha hizo kwenye pazia nyuma ya kikaragosi, fremu moja baada ya nyingine, na kila mara akimsogeza jitu lake ili alingane na upanga wa mwigizaji. Sehemu ya mbele ya picha aliifunika kwa rangi nyeusi kwenye kioo, akairudishia baadaye kwenye mkanda uleule. Ukitazama, jitu limekaa katikati ya dunia: ardhi iko mbele yake, milima iko nyuma. Njia hiyo waliibatiza jina Dynamation. Viumbe vyote vya *Sinbad* vilimchukua karibu miezi 11, na kazi ya kuvisogeza aliifanya peke yake.

Peke yake! Mpaka filamu yake ya mwisho, *Clash of the Titans* ya mwaka 1981, ndipo alipokubali wasaidizi wa kuhuisha. Alisema kazi hii inataka mtu azame, mtu akikuita katikati umeshapoteza hesabu. (Nilipolisoma hili nilikumbuka ni mara ngapi nimefungua mlango wa chumba cha wageni kuuliza kama amelipa bili ya maji.)

Kilele chake, kwa maoni ya wengi na yangu pia sasa, ni *Jason and the Argonauts* ya mwaka 1963. Mifupa saba ya watu inachomoza ardhini na ngao na mapanga, inapigana na wanaume watatu. Pigano lenyewe ni la dakika chache tu. Lilimchukua miezi minne na nusu, wastani wa fremu 13 kwa siku. Piga hesabu na mimi: fremu 13 ni kama nusu sekunde. Mtu anaamka, anakunywa chai, anaingia kazini, anarudi jioni amechoka hoi, na alichozalisha ni nusu sekunde.

Ghafla sekunde tisa za mume wangu kwa wiki mbili hazikuwa mbaya hivyo.

Si kwamba mzee alikuwa hana bajeti za kubana kama sisi. Mwaka 1955 alitengeneza filamu ya pweza mkubwa anayeshambulia daraja la San Francisco, na hela ilikuwa ndogo kiasi kwamba pweza alipewa mikono sita badala ya minane. Mtu wa Tanga au Kilwa angegundua kabla hajakaa kwenye kiti. Huko Marekani ikapita. Na viumbe vya zamani alivichuna mpira ili mifupa yao itumike kwa vipya. Zimwi la leo limevaa mifupa ya zimwi la jana, kama sisi tunavyokata gauni la harusi kushonea watoto.

Gorila wa Tanganyika

Baba mkwe ni mwalimu mstaafu. Filamu ilipokwisha akauliza swali la kimwalimu: hawa watu walishawahi kutengeneza kitu cha huku kwetu?

Wametengeneza. Mwaka 1949 Harryhausen alifanya kazi chini ya yuleyule O'Brien kwenye *Mighty Joe Young*, na sehemu kubwa ya uhuishaji ni ya mkono wake. Hadithi inaanzia Tanganyika, kwenye ranchi ya mzungu mmoja, ambako binti yake mdogo anabadilishana vitu na watu wanaopita na kupewa mtoto wa gorila. Gorila anakua kupita kiasi, wanampeleka Marekani akafanye maonyesho klabu ya usiku, wanamnywesha pombe, anavunja kila kitu. Filamu ilipata tuzo ya Oscar kwa ufundi wake. Mzee mwenyewe alisimulia kwamba wakati wa kazi hiyo alikuwa anakula karoti na figili kwenye mapumziko ili ajisikie kama gorila.

"Tanganyika ipi yenye gorila?" akauliza baba mkwe.

Hakuna. Sisi tuna sokwe wa Gombe na Mahale. Gorila ukamtafute Rwanda, Uganda au Kongo. Mwalimu akatikisa kichwa kama mtu aliyekuta kosa kwenye mtihani wa taifa, lakini nilimwona anatabasamu.

Sasa ngoja nikupe ambayo mimi mwenyewe ilinifanya niweke simu chini. Mwaka 1962 Ray Harryhausen, akiwa ameshahamia London, alimuoa mwanamke anayeitwa Diana Livingstone Bruce. Jina la katikati siyo la bahati mbaya. Diana alikuwa kitukuu wa David Livingstone, mmisionari na msafiri yuleyule wa vitabu vya historia vya shule ya msingi.

Ukisimama Muze ukatazama juu unaona ukuta wa Lyamba lya Mfipa umekaa kama mgongo wa mnyama aliyelala. Juu kule, kwenye nchi ya Ufipa, mwaka 1873 ulipita msafara wa kina Chuma na Susi, wamebeba maiti ya Livingstone iliyokaushwa kwa jua, kutoka Chitambo, ambako sasa ni Zambia, kuelekea Unyanyembe na hatimaye Bagamoyo, ambako walifika Februari 1874. Ilipofika London, mifupa ndiyo iliyotoa ushahidi kwamba ni yeye. Mwaka 1844 huko Mabotsa, Afrika Kusini, simba alimvunja mkono wa kushoto juu ya kiwiko, na aliponea chupuchupu kwa sababu mwalimu mmoja Mwafrika, Mebalwe, alimgeuza simba huyo akamfuata yeye. Mfupa ule uliounga vibaya ulimtambulisha, na Aprili 1874 akazikwa Westminster Abbey.

Na mume wa kitukuu, mtu aliyetumia maisha yake kupanga mifupa na wanyama wakali, akiwa mzee sana alibuni sanamu ya simba akimwangusha babu wa mkewe. Ilichongwa kubwa kwa shaba na Gareth Knowles, ikazinduliwa mwaka 2004 huko Blantyre, Scotland, alikozaliwa Livingstone. Nimeona picha zake. Ukizitazama unaona wazi kwamba yule simba ni fremu moja tu. Unangoja isogezwe.

Kuhusu ndoa yao sijui mengi na sitajifanya najua. Najua waliishi pamoja miaka hamsini. Najua *Jason* iliingia sinema mwaka uliofuata baada ya harusi, kwa hiyo nahisi bwana harusi alikuwa bado ana mifupa saba kichwani wakati anavishwa pete. Najua taasisi inayotunza vikaragosi vyake, waliyoianzisha mwaka 1986, ina majina yao wote wawili, la Ray na la Diana. Yeye alifariki Mei 2013, na Diana akamfuata kabla mwaka huo haujaisha. Najiuliza tu swali la kike: ile miezi minne na nusu, yule mama alikuwa anamsubiri mezani? Alikuwa anamuuliza leo umefanya nini, naye anajibu, nusu sekunde?

Ghalani

Kesho yake watoto walimzingira baba yao mdogo. Wanataka zimwi lao. La jicho moja wameshaliona, sasa wanataka la Rukwa.

Mume wangu akawaambia habari ya mamba paka. Mwaka 2010 wanasayansi walitangaza kwenye jarida la *Nature* mabaki ya mnyama aliyechimbuliwa katika bonde hilihili la ufa la Rukwa, upande wa kusini: mamba mdogo, mkubwa kama paka, mwenye miguu mirefu ya kukimbia nchi kavu na meno ya aina tofauti tofauti kama ya mamalia, mengine ya kung'ata, mengine ya kutafuna. Aliishi zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Wakamwita *Pakasuchus kapilimai*. Hiyo "paka" ni paka wetu wa Kiswahili, na jina la pili ni heshima kwa marehemu Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Watoto walicheka mpaka wakagaragara. Mamba anayeitwa paka!

Udongo ukaletwa kutoka majaruba ya mpunga. Mamba wa kwanza alisimama dakika tano, akapiga magoti, akalala kifudifudi. Hana mifupa. Kijana wa darasa la saba akaenda bandani akarudi na waya wa kufungia uzio, akausokota: mgongo, miguu minne, mkia. Hakuna aliyemfundisha, na habari za Mzee Fred alikuwa hajazisikia. Mamba wa pili alisimama.

Tulianzia barazani, kwenye jua, tukapoteza asubuhi nzima. Jua linatembea! Ukipiga picha hamsini kivuli kimeshazunguka, na ukizichezesha mamba anaonekana kama amesimama chini ya taa mbovu ya disko. Ndiyo maana tukahamia ghalani. Humo joto ni la kukaushia samaki, udongo unapasuka, kila baada ya picha kumi lazima umpapase mamba kwa kitambaa kibichi bila kumsogeza. Mtu wa kushika taa akahitajika. Watoto mikono inatetemeka. Mume wangu akatoka nje, akanitazama kwa muda, hakusema kitu. Nikaingia.

Sijui nikueleze vipi saa sita zile. Saa ya kwanza ni adhabu. Goti linauma, nzi amekaa kwenye pua huwezi kumfukuza. Saa ya pili nikaanza kumwona mume wangu. Tumeoana miaka saba, nimemwona akila, akilala, akiendesha gari, akigombana na mafundi. Sikuwahi kumwona akifanya kitu hiki. Alikuwa anashika pumzi kila kabla ya kugusa. Alikuwa anajaribu hatua kwa mguu wake mwenyewe, anainama, anapinda mgongo kama mamba, anahesabu kimoyomoyo, halafu anaihamishia kwenye waya. Ule mshtuko-mshtuko wa mazimwi ya zamani nikauelewa palepale. Mnyama wa kweli akikimbia, kila picha yake inatoka na ukungu kidogo kwa sababu yuko mwendoni. Huyu kila picha amesimama kabisa, amekamilika, amengojwa. Ukimwona anatembea, unachokiona ni mtu aliyemgusa, akaondoka, akarudi kumgusa tena.

Saa ya nne tulianza kuongea. Si maongezi ya kuangaliana, maana macho yote yalikuwa kwa mamba, na labda ndiyo sababu yakawezekana. Akaniambia ile hela ya saruji aliichukua bila kuniambia kwa sababu alijua nitakataa. Nikamwambia kukataa ni haki yangu kama ilivyo yake. Ka! Picha. Akasema kweli. Akaniambia kazini kwake kila anachofanya kinafutwa mwisho wa mwezi, hesabu zinaanza sifuri, na udongo ndio kitu pekee anachoshika kikabaki. Hilo nilikuwa sijawahi kulisikia, au alikuwa ameshalisema nikiwa nauliza bili ya maji. Nikamwambia mimi napita Chanika naona majani kwenye msingi, nasikia aibu. Ka! Akamsogeza mkia.

Hatukumaliza. Hela ni hela, na nyumba haijengwi kwa udongo wa majaruba. Tulikubaliana kitu kimoja kidogo: taa hazirudi dukani, na yeye hagusi tena fungu la saruji mpaka lenta ifungwe. Kijana wa darasa la saba, aliyekuwa kimya pembeni akihesabu picha kwenye daftari, akasema, "Baba mdogo, tisini na sita." Udongo ulikuwa umeshaanza kumomonyoka masikio. Tukaacha hapo.

Picha 96. Sisi tulizichezesha 12 kwa sekunde, siyo 24, kwa hiyo ni sekunde nane. Mamba paka anatoka nyuma ya gunzi la hindi, ananusa, anageuka, anaonyesha meno, anakimbia. Basi.

Usiku tukaiweka kwenye TV. Sebule imejaa kuliko ile siku ya Sinbad, maana habari zilishatembea. Ilipopita mara ya kwanza hakuna aliyesema neno, imekwisha kabla watu hawajakaa vizuri. Mara ya pili watoto wakapiga kelele. Kwenye sekunde ya tano, upande wa kushoto, kidole changu kimeingia kwenye picha. Nilikuwa nimechoka, taa iliteleza, nikaidaka. Kwa fremu moja tu, kidole kikubwa chenye rangi ya kucha ya Krismasi kinatokea mawinguni juu ya mamba na kutoweka.

Nikaona aibu. Nikasema tuikate. Mume wangu akakataa. Akasema hata kwenye *King Kong* ya mwaka 1933 ukitazama vizuri manyoya ya sokwe yanatikisika-tikisika bila upepo, na hayo ni vidole vya mafundi waliokuwa wanamshika kila fremu. Hakuna aliyeyakata.

"Hebu rudisha," akasema mama mkwe kutoka kwenye kigoda chake, amejifunga khanga vizuri, ametoa na miwani. "Rudisha pale penye kidole cha mama mdogo."

Akarudisha.

"Tena."